Mgeni na Jembe Lake: Kujifunza Kirusi kwa Wenyeji na Mafunzo ya Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Kila kijana wa Tabora anayepata nafasi ya kusoma Urusi hukabiliwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa maana kabla ya kuujua udaktari, uhandisi au kilimo alichokiendea, hana budi kwanza kuijua lugha itakayotumika kumfundishia. Wengi huamini kwamba njia ya mkato ya kuijua lugha hiyo ni kuishi na familia ya wenyeji, kula nao na kulala kwao, kana kwamba lugha humwingia mtu kwa kukaa karibu na wanaoisema. Mhadhara huu unaichunguza imani hiyo na kuonyesha kwamba ina ukweli nusu tu, kwa kuwa paa la mwenyeji peke yake halimfundishi mgeni lugha. Kinachomfundisha ni kazi anayopewa chini ya paa hilo, yaani wajibu wa kila siku ambao hauwezi kutimizwa bila kusema, kusemeshwa na kusahihishwa. Wahenga waliosema kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, kwa kawaida huchukuliwa kuwa walimkanya mgeni mvivu, lakini kauli yao inaweza pia kusomwa kama nadharia fupi ya namna mgeni anavyogeuka kuwa mtu wa nyumbani. Ushahidi wa nadharia hiyo upo wa aina mbili: historia ya Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi ambamo mji wa Tabora ulizaliwa, na uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa juu ya wageni waliokwenda kujifunza Kirusi Urusi kwenyewe.

Unyanyembe, mahali pa kungoja na kujifunza

Njia kuu ya misafara katika karne ya 19 ilitoka Bagamoyo na bandari za jirani kama Saadani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ambako wenye misafara walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, kisha ikafika Unyanyembe na kugawanyika, tawi moja likishika magharibi hadi Ujiji na jingine likienda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kwa sababu wapagazi wengi walioajiriwa pwani walimaliza mkataba wao hapo, msafara ulivunjwa na kuundwa upya, na mwenye mali alilazimika kungoja wiki kadhaa, pengine miezi, hadi apate watu wengine, chakula cha njiani na habari za usalama. Kungoja huko ndiko kulikoifanya Kazeh, makazi ya wafanyabiashara yaliyotangulia mji wa Tabora wa leo, kuwa mahali ambapo mgeni aliishi kwa mwenyeji kwa muda wa kutosha kusikia lugha ikitumika katika shughuli zote za siku.

Mfano ulioandikwa kwa kirefu ni wa Richard Burton na John Hanning Speke, Waingereza waliofika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman aliyeanza maisha kwa kutengeneza na kuuza halwa Muscat, na ambaye kufikia wakati huo alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika bara. Burton alikijua Kiarabu, kwa hiyo aliweza kukaa na Snay katika mazungumzo marefu, akamwuliza juu ya nchi za maziwa, mila za watu na njia za biashara, na katika mazungumzo hayo akapata pia msaada wa kukusanya maneno ya Kinyamwezi. Speke alikaa katika makazi yaleyale na kwa siku zilezile, lakini hakuwa na Kiarabu wala Kiswahili, na mtu aliyeweza kuzungumza naye kwa Kihindustani alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyewahi kuishi India. Wageni wawili wa mwenyeji mmoja walitoka, basi, na mavuno tofauti, kwa sababu mmoja alikuja na lugha ya daraja, yaani lugha ya tatu inayomwunganisha mgeni na mwenyeji, na alikuwa na shughuli iliyomlazimisha kuuliza kila siku, hali mwenzake alibaki kutegemea mkalimani.

Hata hivyo, darasa kubwa zaidi halikuwa barazani kwa tajiri bali kambini kwa wapagazi. Msafara ulikuwa na kirangozi, yaani kiongozi wa njia aliyetangulia mbele, na wapagazi waligawanyika katika vikundi vidogo vilivyopika na kula chungu kimoja, kila mmoja akiwa na zamu yake ya maji, kuni au moto. Kijana wa pwani aliyeingia katika kikundi cha Wanyamwezi, na vilevile Mnyamwezi aliyeteremka pwani kwa mara ya kwanza, hakuweza kula bila kujua jina la kile alichotumwa kukileta, na akikosea alichekwa papo hapo na kurekebishwa. Kicheko hicho kilikuwa na taasisi yake, nayo ni utani, uhusiano unaoruhusu watu wa makabila mawili kutaniana bila kuchukizana na unaowabana pia kusaidiana katika shida na misiba. Utani baina ya Wanyamwezi na makabila kadhaa yaliyo kando ya njia hiyo, Wazaramo wakiwamo, ulikomaa katika mazingira hayo ya safari. Kwa mwanafunzi wa lugha, utani una faida ambayo vitabu vya sarufi havina, kwa kuwa unampa mwenyeji ruhusa ya kulicheka kosa na kumpa mgeni ruhusa ya kukosea bila kuvunjiwa heshima.

Walikuwapo pia wageni walioingia ndani zaidi, kwa njia ya ndoa. Muhammed bin Juma, baba wa Hamed bin Muhammed el Murjebi anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, na kwa ndoa hiyo akawa mkwe mwenye haki na wajibu katika nchi aliyokuja kufanyia biashara. Mkwe husikiliza mashauri, huhudhuria matanga na hupatanisha ugomvi, na kila moja ya shughuli hizo ina namna yake ya kusema ambayo mpita njia haisikii.

Historia hiyo isipambwe kupita kiasi. Katika nyumba zilezile za Kazeh waliishi watu waliotekwa na kununuliwa, nao walijifunza Kiswahili kwa haraka kwa sababu amri za bwana hazikungoja mkalimani. Kazi ilikuwapo, na lugha ilipatikana, lakini haki haikuwapo, na kwa hiyo mtu aliyejifunza kwa njia hiyo hakuwa mgeni wala mwanafunzi. Tofauti kati ya jembe la mgeni na jembe la mtumwa ni kwamba mgeni hupewa kazi kama dalili ya kukubaliwa, anaweza kuuliza na kubishana, na siku akitaka kuondoka hufungua mlango akaenda zake; tofauti hiyo itahitajika tena hapo mbele, itakapojadiliwa nyumba ya kulipia kodi ugenini.

Waliokuja baadaye waliyafanya mambo haya kuwa kanuni. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, waliofika Tabora kwa mara ya kwanza mwaka 1878, walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, kwamba baada ya miezi sita nchini wazungumze lugha ya wenyeji hata wao kwa wao. Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi Unyamwezi, alisikiliza matamshi ya Kinyamwezi kwa makini kiasi kwamba kanuni aliyoigundua, inayoeleza jinsi konsonanti ya silabi moja inavyobadilika kwa kuathiriwa na konsonanti ya silabi inayofuata, ilipewa jina lake na mwanaisimu Carl Meinhof mwaka 1903. Wanafunzi wa isimu ulimwenguni bado huijua kuwa Kanuni ya Dahl, na walimu wake katika jambo hilo walikuwa Wanyamwezi.

Wasemaji wa Kiswahili na nchi ya Warusi

Uhusiano wa wasemaji wa Kiswahili na Urusi ni wa zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alisafiri Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller, na maelezo yake ya safari hiyo, aliyoyatoa kwa Kiswahili, yalichapishwa na Carl Velten katika kitabu Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, kitabu ambacho kina pia maelezo ya Selemani bin Mwenye Chande juu ya safari ya biashara ya kwenda bara. Kukutana kwa safari hizo mbili ndani ya jalada moja kunaonyesha kwamba kwa msomaji wa zama hizo njia ya bara na njia ya Siberia zilikuwa fani moja ya maarifa, yaani elimu ya mtu aliyekwenda kwa watu akarudi kueleza.

Wanafunzi wenyewe walianza kwenda kwa wingi baada ya Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kufunguliwa Moscow mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Utaratibu uliowekwa wakati huo, ambao kwa sehemu kubwa unafuatwa hadi leo, ulimtaka mgeni atumie kwanza kama mwaka mmoja katika kitivo cha maandalizi, akijifunza Kirusi na misingi ya masomo aliyoyachagua, kabla ya kuketi darasa moja na Warusi. Makazi yake hayakuwa nyumba ya familia bali bweni, na mara nyingi aliwekwa chumba kimoja na mwanafunzi wa Kirusi. Wapo waliofunga na jamii hiyo uhusiano wa kudumu: Abdulla Kassim Hanga, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, alisoma Moscow na kumwoa Lily Golden, mwanahistoria wa huko, na binti yao, Yelena Khanga, akawa mwandishi na mtangazaji maarufu wa Urusi. Wapo pia waliokumbana na chuki za rangi mitaani, na mnamo Desemba 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana hadi Uwanja Mwekundu baada ya kifo cha mwenzao kutoka Ghana. Ukarimu wa nyumba moja, kwa hiyo, haumfuati mgeni barabarani, na mwanafunzi hupaswa kuandaliwa kwa yote mawili.

Kirusi katika kinywa cha msemaji wa Kiswahili

Msemaji wa Kiswahili hafiki Urusi mikono mitupu. Amezoea tangu utotoni upatanisho wa kisarufi, yaani kanuni inayolazimisha kivumishi na kitenzi kufuata ngeli ya nomino, na kwa hiyo hashangai akiambiwa kwamba neno la Kirusi lenye maana ya "-pya" huwa novyy kwa nyumba, novaya kwa kitabu na novoye kwa dirisha. Kirusi kina jinsia tatu tu, ambazo ni chache mno mbele ya ngeli za Kiswahili. Hashangai pia kwamba Mrusi huitwa kwa heshima kwa jina lake likifuatiwa na jina la baba yake, kwa kuwa bin na binti havijasahaulika Tabora, wala kwamba mkubwa haamkiwi kama rika.

Ugumu wake uko kwingine. Silabi nyingi za Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hali salamu ya heshima ya Kirusi, zdravstvuyte, humlundikia mgeni konsonanti mdomoni kabla hajasema lolote, na mkazo wa Kirusi huhama kutoka neno hadi neno, ukibadilisha hata sauti za irabu, hivi kwamba maziwa huandikwa moloko lakini husikika kama "malako". Kwa upande wa vitenzi, msemaji wa Kiswahili husema "nakwenda" bila kulazimika kueleza kama ni kwa miguu au kwa chombo, lakini Kirusi humlazimisha kuchagua kati ya idti na yekhat, na atakayetumia kitenzi cha kwanza kueleza safari yake ya kutoka Moscow hadi Dar es Salaam atakuwa amewaambia wenyeji kuwa atatembea kwa miguu hadi nyumbani. Hapo ndipo kicheko cha mezani kinapofanya kazi ileile ya utani wa kambini.

Jambo moja la sarufi hufundishika vizuri zaidi mlangoni kuliko darasani. Vitenzi vingi vya Kirusi huwa na sura mbili, moja ya tendo linaloangaliwa likiwa katika mwendo wake na nyingine ya tendo linaloangaliwa likiwa kamili. Mama mwenye nyumba anapomkaribisha mgeni apite, aketi na ale, hutumia sura ya kwanza, akisema prokhodite, sadites, kushayte, kwa sababu katika ukaribisho sura hiyo ndiyo ya adabu. Sura ya pili, syadte, humfaa zaidi daktari anayemwelekeza mgonjwa kukaa. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni hiyo kwa miezi asiielewe, lakini atakayeachiwa jukumu la kuwafungulia mlango wageni wa nyumba hiyo, akavua nao viatu na kuwapa ndara za ndani kama ilivyo desturi, ataishika kwa sababu ataitumia mwenyewe, na akikosea mama atamnong'oneza lililo sahihi.

Yanayosemwa na utafiti

Uchunguzi mkubwa wa Richard Brecht, Dan Davidson na Ralph Ginsberg, uliowahusu wanafunzi 658 wa Kimarekani waliojifunza Kirusi huko Urusi kati ya 1984 na 1990, ulionyesha kwamba waliokwenda wakiwa na msingi mzuri wa sarufi na usomaji ndio waliopiga hatua zaidi, na kwamba wanaume waliendelea kuliko wanawake. Livia Polanyi, aliyechunguza masimulizi ya wanafunzi hao, aliihusisha tofauti hiyo na bughudha za wanaume walizopata wanafunzi wa kike, ambazo ziligeuza mazungumzo mengi kuwa ya kujihami badala ya kujifunza.

Mwaka 1998 William Rivers alichapisha matokeo yanayogusa moja kwa moja suala la nyumba ya wenyeji. Alipowalinganisha waliokaa na familia za Kirusi na waliokaa mabwenini, aligundua kwamba wale wa familia walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupanda daraja katika kuzungumza, hawakuwa na tofauti katika kusikiliza, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea katika kusoma. Matokeo hayo huwashangaza waaminio kwamba paa linatosha, lakini hayamshangazi anayeifahamu kambi ya wapagazi. Mgeni wa kulipia, aliyetengewa chumba chake, akawekewa chakula tayari na kuulizwa tu kama ameshiba, anaweza kuishi miezi mizima kwa sentensi chache zilezile, kisha akajifungia kusoma. Mwanafunzi wa bweni anayegawana jiko, foleni ya bafu na zamu ya kufagia hana njia ya kukwepa majadiliano, hata kama majadiliano hayo yana kero. Kinachopimwa hapo si wema wa familia, bali wingi wa shughuli zinazomdai mgeni maneno.

Jembe lenyewe

Mtihani rasmi wa Kirusi kwa wageni huhitaji kama maneno 780 katika ngazi ya mwanzo, 1,300 katika ngazi ya msingi na 2,300 katika ngazi ya kwanza, ambayo ndiyo hutakiwa kwa anayeanza shahada. Maneno hayo hayapatikani mahali pamoja. Yale ya kwanza, pamoja na herufi 33 za Kirusi na misingi ya sarufi, yafaa kushughulikiwa nyumbani, kwa vitabu au kwa masomo yanayotolewa na Kituo cha Utamaduni cha Urusi jijini Dar es Salaam, kwa kuwa utafiti uliotajwa unaonyesha kwamba anayetangulia na sarufi ndiye anayefaidi safari. Burton naye asingemfaidi Snay kama angefika Kazeh bila Kiarabu. Kiingereza kitumike kwa namna hiyohiyo, yaani kama daraja la siku za mwanzo, kwa sababu anayejenga kibanda juu ya daraja hafiki ng'ambo.

Atakayebahatika kukaa na familia, jambo ambalo hutokea zaidi katika kozi fupi kuliko katika udhamini wa miaka mingi, aombe kazi. Familia nyingi za mijini Urusi zina dacha, yaani nyumba ndogo ya shamba nje ya mji, ambako viazi mviringo hupandwa kwa kawaida mwezi Mei, hupaliliwa na kuinuliwa udongo wakati wa kiangazi, na huchimbwa mwishoni mwa msimu. Kijana aliyekulia Unyamwezi, aliyewahi kuinua matuta ya viazi vitamu na kuwaona wazee wakikata na kuanika michembe, anaijua kazi hiyo kuliko mwenyeji anavyotazamia, na huko shambani hubadilika kutoka mtu anayehurumiwa kwa kutojua hadi mtu mwenye la kusema: kwamba tuta ni fupi mno, kwamba kwao kiazi hukaushwa hivi, kwamba jembe hilo lina mpini mrefu mno. Mwenye la kusema hutafuta maneno, na bibi wa nyumba, anayetaka kujua michembe huliwaje, humngoja ayapate.

Kazi hiyo iwe na mipaka inayojulikana. Familia inayolipwa kodi haina haki ya kumgeuza mwanafunzi mtumishi, wala mwanafunzi hastahili kukaa mahali asipojiona salama kwa sababu tu anajifunza, na wasichana hasa waelezwe mapema kwamba kuhama si kushindwa. Historia ya Kazeh inatosha kuonyesha kwamba lugha inaweza kupatikana kwa mateso, na kwa sababu hiyohiyo wingi wa maneno aliyonayo mtu si kipimo cha wema wa nyumba aliyojifunzia. Atakayepangiwa bweni naye asijione amekosa bahati, bali aombe kuchanganywa na wasiojua Kiswahili wala Kiingereza, aingie nao katika chungu kimoja, na achukue zamu ya sokoni mapema, kwa maana mnunuzi anayetumwa na wenzake hana ruhusa ya kurudi mikono mitupu kwa kisingizio cha sarufi.

Kwa jumla, wanaopanga safari za masomo huulizia sana ada, baridi na mahali pa kulala, na maswali hayo ni ya haki, lakini hayagusi kiini cha kujifunza lugha. Mzazi wa Tabora anayempeleka mwanawe Urusi ana haki ya kuuliza mawili zaidi kabla ya tiketi kukatwa, nayo ni kazi gani mwanawe atakuwa nayo miongoni mwa watu wa huko, na nani atakuwa karibu naye kumsahihisha atakapoikosea.